Neno la Kumpa Karani wa Sensa

Jumapili, 1 Machi 2020

Baada ya misa kipaza sauti cha kijiji kimelia tena. Sensa inaanza kesho, na safari hii kuna swali jipya: je, wewe ni Mwafromeksiko, mweusi, au mtu wa asili ya Afrika? Mmoja anajibia nyumba nzima.

Mama kacheka hadi meno ya bandia yakacheza. "Afro-nini? Hiyo si dawa ya minyoo?" Kwake sisi ni morenos, watu wa maji ya kunde, basi. Mweusi ni sufuria.

Mikate niliyooka yote imeuzwa. Tanuri limepata ufa kidogo upande wa mlango.

Jumanne, 3 Machi

Yadira kaja! Binti yangu, kutoka Puebla, bila taarifa. Macho yamevimba. Kanywa kahawa kwanza, ndipo akasema.

Asubuhi basi lilisimamishwa na askari. Wakamteremsha yeye peke yake. Kitambulisho anacho — wakasema cha kughushi. Meksiko hakuna weusi, binti, wewe wa Haiti au wa Honduras? Wakamtaka aimbe wimbo wa taifa. Kauimba pale kando ya barabara, abiria wakichungulia madirishani. Ubeti wa tatu ukampotea. Nani anaujua ubeti wa tatu! Wakamweka kibandani mpaka bosi wake wa hotelini alipopiga simu. Basi lilishaondoka, na begi lake ndani.

Mama alikuwa akichambua maharage. Mawe na maharage kavitia chungu kimoja.

Alhamisi, 5 Machi

Chakula cha mchana kimeingia shubiri. Tamali za kome, unga wa mahindi ndani ya majani, zimepoa mezani.

Yadira: karani akija, aandike sisi sote weusi. Na Bibi pia.

"Mimi usiniguse!" Mama kafoka. "Utaniita hivyo ukishanizika."

"Bibi, kwani ukijitazama kwenye kioo unamwona nani?"

"Namwona mama wa mama yako, na heshima zake."

Nikacheka. Kosa! Wote wawili wakanigeukia.

Kisha Mama akasimulia jambo ambalo sijawahi kulisikia. Usichanani mwake aliuza samaki wakavu soko la Ometepec. Wanawake wa pale walikuwa wakiziba pua: pisheni, weusi wanapita. Pesa walimtupia chini ili wasimguse mkono. Baba ndiye wa kwanza kumwita morena. "Alilitamka kama analamba asali," kasema. "Ndilo jina langu. Mnanivua ili mnivishe lile la sokoni?"

Yadira, taratibu: "Bibi, wewe walikutukana. Mimi waliniambia sipo."

Hakuna aliyekula. Nimeosha vyombo. Vilivyo safi nimeviosha tena.

Jumamosi, 7 Machi

Hawasemezani. Chumvi wanaombana kupitia kwangu.

Jirani Fidelfa kapita kuchukua mkate. Kwake karani keshafika. Watoto wote wamejibiwa ndiyo, mumewe kakataa katakata — naye ndiye mweusi kuliko tanuri langu! Tumecheka mpaka machozi. Nikamuuliza, na wewe je? Alijibu ndiyo, kasema, kisha akachungulia uani kama kuna aliyemsikia.

Jumatatu, 9 Machi

Karani kafika. Naandika jikoni, harakaharaka, nyuma ya karatasi ya unga.

Ni binti wa mjini Pinotepa, jua limemchoma, kofia inamvuka masikio. Mama kavuta kiti barazani: "Mwenye nyumba ni mimi. Nitajibu mimi." Yadira kanitazama. Nikatikisa kichwa — mwache.

Sakafu ya nini? Saruji. Friji? Ipo, inanguruma. Mama anajibu kama yuko mahakamani.

Likaja swali lenyewe. Karani kalisoma kwa sauti ndogo, kama anayeomba radhi.

"Anza na watoto," Mama kasema.

Yadira?

"Huyo mweusi. Andika! Tena liandike vizuri, wasimteremshe tena kwenye basi."

Nereida?

"Ndiye aliyemzaa. Mweusi naye."

Moyo wangu! Miaka yote hii sijawahi kumsikia akiniita hivyo. Na neno lenyewe halikuuma.

"Na wewe, bibi?"

Yadira kaweka kikombe chini polepole. Mama kajikung'uta sketi, kasema koo limekauka, Nereida niletee maji.

Ndiyo nimekuja kuyachukua. Glasi imejaa, iko hapa. Nasikia karani akisema si lazima, bibi, hata ukinyamaza ipo sehemu yake kwenye fomu.

"Ngoja, mwanangu," Mama anamwambia. "Usiandike bado. Ngoja."