Tabita Alifanya Nini Walipogonga Mlango

Bunia, Shari

Mama mpenzi,

Mgongo wako unaendeleaje? Na mvua ya Kindu inakuachia nafasi ya kuanika mihogo? Mimi ni mzima, Mungu ni mkubwa. Risasi tunazisikia upande wa Mbunya, lakini sokoni watu bado wanabishana bei ya majani ya sombe.

Mama, limenipata jambo la kunifunga mdomo, na unajua mdomo wangu haufungiki kirahisi.

Jumapili mchungaji alituita sisi wawili tunaotunga riwaya za Kikristo tuwaeleze waumini mafundisho yaliyo ndani ya hadithi zetu. Mzee Zakaria, mwalimu mstaafu, alieleza uvumilivu mpaka sote tukauhitaji. Kisha mimi nikasema riwaya ninayoandika ni ya msamaha: Tabita, mjane aliyechomewa nyumba, anamficha mtoto wa watu wale wale waliomchomea. Nikasoma hadi pale wanaume wenye mapanga wanapogonga mlango wake. Mwisho, nikasema, sijaandika.

Sasa, katika kanisa letu anayesimama mbele kusimulia anatoa ushuhuda. Hadithi ya kubuni hawajaizoea. Waumini wote wakapiga magoti kumwombea Tabita kwa jina, wengine kwa machozi! Mzee Zakaria alinikonyeza niwaeleze, nikashindwa. Mtu niliyemtunga huku nikimenya viazi alikuwa akiombewa kama ndugu yao.

Kesho yake asubuhi akaja Mama Furaha, muuza makaa, ambaye alikimbilia mjini baada ya nyumba yake kijijini kuchomwa.

"Ma Rehema, Tabita alifanya nini wakati walipogonga mulango?"

Nikacheka. "Mama, Tabita haiko mutu wa kweli. Nilimutunga mu kichwa yangu."

Hakucheka. "Weye ulimutunga. Miye mutoto iko kwangu, nyuma ya mifuko ya makala. Ni wa wale walituchomea. Jana jirani aliniuliza nani anakohoa."

Nilikaa chini. Mama yule alikuwa ameshautenda msamaha ambao mimi nilishindwa hata kuumaliza kwenye karatasi. Tena nilikuwa nimepanga mtoto wa Tabita afe, maana huku ndivyo mambo yanavyoisha. Nilimwogopa Mungu siku ile kuliko siku zote za maisha yangu.

Nikamjibu, "Alimupeleka kwa mugeni. Mwanamuke wa mbali, mwenye hawatamufikiria."

Kabla ya adhuhuri alimleta kwangu, amembeba mgongoni ndani ya kitenge kama mwanawe wa kumzaa. Ni msichana mdogo, anakohoa, anapenda chumvi.

Najua ulinitafutia nafasi kwenye ndege ya wamisionari. Usinikasirikie, Mama. Nafasi ni ya mtu mmoja, nimeiacha.

Nisalimie dada anayeshona, baba mdogo wa reli, na shangazi anayesema vitabu havizai. Jina la mtoto siliandiki hapa. Wewe mwombee hivyo hivyo, huyu yupo.

Binti yako,
Rehema