Santuri Yetu Imo Edani

Haji,

Umekufa Ijumaa, makusudi, ili watu waseme ulikuwa mcha Mungu. Na wamesema. Msikitini Thornton Heath, hapa London, shehe alikusifu mpaka nikainamisha kichwa, nisije nikacheka nikatolewa nje. Mie nilikuwa nakuona unavyokata kiuno sebuleni kwako, soksi moja imetoboka, santuri yetu inazunguka.

Hiyo santuri ndiyo inayonitesa. Unakumbuka tulivyoinunua sokoni Walthamstow? Mapinduzi yametutoa Unguja na nguo za mwilini, baridi inatutafuna. Wenye akili wangenunua blanketi. Sisi tukachanga, tukanunua santuri ndogo ya wale vijana watano wa Kiingereza, wapiga magitaa wenye nywele machoni, nyimbo mbili upande huu, mbili upande wa pili, kabla dunia haijawajua. Tukagawana: weye santuri, mie jalada lake. "Tukigombana, sote hasara," ulisema. Tumegombana mara ngapi, bwana, na kila Jumapili nikaja kwako na jalada kwapani kama mjinga.

Sasa jalada ninalo, santuri sijui iko wapi. Wakibisha hodi watu wa msikitini, mkeo ndiye aliyekuwa akiificha, weye unashika tasbihi. Wapi, hatukuwahi kumuuliza. Na sasa Bi Zuhura yumo edani. Mie si maharimu wake, siwezi kuingia nikakaa naye hata kwa chai. Huku mwanao Nassor anapakia maboksi, kila Jumamosi anayapeleka duka la sadaka, linalouza vitu vilivyotolewa bure. Nimwambie nini? Kwamba babake, aliyesifiwa vile, ana muziki wa kihuni umefichwa humo ndani? Nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, nikimsemesha Kiingereza changu hunionea huruma.

Nilikwenda hilo duka. Nikalikuta limefungwa, gramafoni yako iko dirishani inanitazama. Kesho yake nimefika, imeshanunuliwa. Nikaulizia santuri, yule bibi muuzaji akaniletea nyimbo za Krismasi. Nilisimama pale, Haji. Nilisimama tu.

Juzi nikashindwa kuvumilia. Nikaenda kwako, nikamsalimu mkeo kwa sauti nikiwa nje ya mlango, nikampa pole. La santuri sikulitaja, maana Nassor yuko nyuma yangu na boksi. Halafu Bi Zuhura akasema kutoka ndani, "Shemeji, kile chenu nakilalia mie. Ngoja nitoke eda."

Kumbe chini ya godoro. Miaka yote hiyo ulikuwa ukiilalia, na hujui.

Nilirudi kwa treni nikilia, na watu wa London, unawajua, wakaangalia viatu vyao. Santuri ipo, gramafoni haipo, na weye hupo. Hata nikiipata nitaifanya nini? Nitaishika. Nitaitazama. Ndiyo basi.

Lala, mwenzangu. Mola akupunguzie maswali ya kaburini, maana majibu yako nayajua.

Ahadi yangu ni hii moja. Dawa za presha nazimeza zote siku hizi, hata lile dubwana linalokwama. Ngazi napanda polepole, barabara navuka na wazee wenzangu. Sifi mpaka Bi Zuhura atoke eda. Baada ya hapo sina ahadi na mtu.

Suleimani