Kuku ya Karatasi Nyekundu

Kiki na Mwenya,

Naenda Kipushi, kuko muntu anatafuta soudeur, wa kuunga byuma. Kuku iko mu frigo, mu sahani ya bleu. Niliinusa, nikaiosha na ndimu, iko muzuri. Mukitoka ku masomo muipike leo leo, kesho itaharibika. Mukate wa juzi muukaange na mayai. Musitupe kitu.

Kiki, asubui nilikuta ile kuku mu poubelle, mu takataka, mu sachet yake, hata haikufunguliwa. Nilikuuliza, ukaniambia: «Papa, Abigaëlle wa ku masomo alikuja jana usiku, alifungua frigo, akaona ile karatasi nyekundu ya nusu bei. Akacheka. Akasema tunakula byenye bantu bengine banakatala.» Na miye nikakufokea mbele ya mudogo yako, ukaenda ku masomo na machozi, bila kunywa chai. Ile inaniuma mpaka saa hii.

Sikupenda ujue hii: tangu nilipoteza kazi, nanunua byenye supermarché inashushaka bei mangaribi. Mu bus natoaka zile karatasi na kucha, moja moja, mbele nifike ku nyumba. Jana nililala mu bus, nikasahau. Basi kuona haya si kosa, mutoto wangu. Na miye niko nayo.

Mwenya, usiache dada yako afanye kazi yote peke yake.

~~Mukule yote, miye nitakula kule.~~ Munibakishie kidogo. Kiki, unichunge mpaka nirudie, tukule wote.

Papa yenu