Mama Yetu Ruweni, Aliyemlea Kalakai

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotutoka sebuleni kwetu, televisheni inawaka na nyumba imejaa watu wanaocheka. Mpaka leo hatuamini. Ugonjwa hatukuuona, na kuaga hukuaga. Jioni ile mihogo uliimenya na kuikaanga mwenyewe.

Watu wengi walikujua kupitia kipindi kile cha orangutani yatima, wale sokwe wekundu wa misitu yetu. Sisi tulikujua kwa harufu ya maziwa ya unga na majani yaliyopondwa. Ulikuwa mlezi katika kituo cha ng'ambo ya mto Rungan, wanakopelekwa watoto wa orangutani ambao mama zao wameuawa mashambani, wafundishwe kuishi msituni. Na kwa kuwa mtoto hapandi mti bila kumwona mama akipanda, ulipanda wewe, bibi mwenye wajukuu, umevaa suruali ya Baba. Ukavunja matawi, ukatandika kiota, ukalala humo kuwaonyesha. Wajukuu wako walipokuona kwenye televisheni walitamba shule nzima.

Ukishikwa na mafua hukuruhusiwa kuwagusa, maana mafua yetu huwaua. Siku hizo nyumba haikukalika. Ulinuna, ukamgombeza hata paka.

Lakini Kalakai ndiye aliyekukaa moyoni. Aliletwa ndani ya gunia, ana jeraha la panga begani, akakung'ang'ania shingoni hata chakula ukawa unakula kwa mkono mmoja. Ulimpa jina la ile mboga ya kinamasini kwa sababu ndicho kitu cha kwanza alichokubali kutafuna. Alipokua mkampeleka msituni, na haukupita muda akarudi kambini kukutafuta. Sheria ya kazi yenu ilikuwa moja: anayerudi afukuzwe, tena afukuzwe na yule anayempenda kuliko wote, asije akamwendea mtu mwenye bunduki. Ukachukua sufuria na mwiko, ukapiga kelele, ukamrushia mabonge ya udongo. Aliondoka akigeukageuka. Hakuonekana tena, na mwaka huohuo msitu ukaungua.

Nchi nzima ilikuona kwenye kipindi ukimfukuza. Sokoni mwanamke mmoja alikuuliza, "We mama, huna moyo?" Ulirudi nyumbani ukakaa jikoni, ukamwambia Baba, "Dehen, nimemfukuza akafe." Tangu siku hiyo ulitaka kujua jambo hilo tu, kama yu hai. Kila aliyetoka msituni ulimuuliza.

Watengenezaji wa kipindi walijua. Walikuwa wamempata, wakampiga picha, wakanyamaza. Walikuambia tu, "Mama, sehemu ya mwisho usiikose." Walitaka ushangae pamoja na watu wote. Tumewasamehe, lakini si kwa urahisi.

Basi tukajazana sebuleni. Baba akakutania kama kawaida yake: "Mama Lensi, leo ukisinzia nakupaka masizi!"

"Nipake! Nani anasinzia? Nafumba macho nipate kufikiri."

Matangazo yakaingia, ukaegemea ukuta. Kipindi kiliporudi, mdogo wako Sawang akaruka juu. "Kalakai! Jamani, ni Kalakai! Liangalieni kovu lake!" Nyumba nzima ikapiga vifijo. Tulipogeuka tukakuona umefumba macho, tukazidi kucheka.

"Ona dada huyu!" Sawang akasema. "Mwanawe anatokea, yeye kalala!"

Lensi akakutikisa bega. "Mama, amka, mwanao huyo." Mkono wako ukaangukia kwenye sahani ya mihogo.

Kicheko kilikuwa bado midomoni mwetu. Tunakionea aibu mpaka leo, ingawa hatukuwa na kosa. Na hatujui kama uliona. Mwaka mzima tunaulizana: macho uliyafumba kabla, au baada? Baba husema uliona. Kisha husema hajui.

Tiwah yako, yaani mazishi ya pili, bado hatujaifanya. Mifupa yako ingali kaburini, na roho yako haijasindikizwa kwa mababu. Kwa hiyo uko karibu, na unasikia. Ndiyo maana tumeandika hapa gazetini, tukuambie kabla hujaenda mbali.

Yu hai, Mama. Amenenepa, na ana mtoto kifuani. Wapiga picha walipomkaribia alipiga kelele, akavunja matawi akawarushia, kisha akampeleka mtoto wake juu kabisa wasikoweza kumwona. Alitufukuza binadamu sote.

Unakumbukwa na mumeo Dehen, wanao Lensi na Tarung, mkweo Rinai, wajukuu zako Yepta na Sundi, mdogo wako Sawang, pamoja na walezi wenzako wote wa kituoni.

Hatutakusahau maisha yetu yote. Hukumuua, Mama.