Kovu la chini ya kidevu

Zuhura amekufa. Mke wangu. Moyo ulisimama mwezi wa pili, akiwa jikoni kwetu hapa New Hope, ughaibuni.

Leo Jumapili, mvua ya baridi. Theluji iliyobaki pembeni ya parking imekuwa nyeusi. Siwezi kuketi kitako. Nakaa, nasimama, nafungua friji, njaa sina.

Ni hili kovu.

Kwa msionijua: nilizaliwa msichana, kule nyumbani Likoni. Naishi mwanamume. Mwaka jana nilifanyiwa upasuaji wa uso, taya lipanuke, kidevu kitoke. Uso naupenda. Nikijitazama kwenye kioo natulia. Lakini chini ya kidevu walipopasua, kovu lilivimba likawa nene kama kamba. Ngozi zetu nyeusi zina tabia hiyo.

Zuhura ndiye alikuwa akilikanda. Nikitoka kazini naweka kichwa mapajani mwake, anapaka dawa, anasugua na kidole gumba, huku ananisema. "Shingo yote simenti. Wewe huoga au hujimwagia maji tu?"

Mimi sikuwahi kulishika. Liko mahali sioni.

Tangu afe hakuna wa kulikanda. Limekaza. Kazini tunamwaga zege, na mkanda wa helmeti unapita hapo hapo. Linawasha mpaka naweka koleo chini nilisugue kwa kola ya jaketi.

Ijumaa niliomba ruhusa, nika-drive mpaka Maplewood kwa daktari. Alilipiga picha na simu akanionyesha. Nilishtuka. Sikujua ni kubwa hivyo. Akasema anaweza kulikata na kushona upya, ila huenda likarudi kubwa kuliko hili. Na nisibebe kitu kizito wiki kadhaa. Au tuanze na sindano, na likandwe kila siku.

Akauliza nani hunikanda.

Nilichukua jaketi. Nikatoka pale nataka likatwe. Liishe.

Jana nilienda kunyolewa kule Phillips. Kinyozi ni mpya, jamaa wa Nairobi, hanijui. Kufika chini ya kidevu akasimamisha mashine.

"Mzae, hapa ndevu zimekataa kumea. Bibi alikuchapa na mwiko?"

"Bibi amekufa."

"Woi. Pole, mzae."

Akawasha mashine tena. Baadaye akauliza polepole, "Nikuachie hizi za mbele zifunike?"

Nikamwambia nyoa tu.

Nililia ndani ya gari. Si kwa ule utani. Zuhura angeucheka. Angesema mwiko wake ni wa ugali, hawezi kuuvunja kwenye kichwa kigumu.

Ukweli ni kwamba naogopa kulishika. Nikilishika mara moja, basi ni kazi yangu mpaka mwisho. Yeye hayupo.

Nikikatwa pia, hilo jipya nani atalikanda? Hapo ndipo ninapozunguka tangu asubuhi.

Alasiri nilinawa mikono, nikaketi ukingoni mwa bafu, nikatoa ile dawa yake kabatini. Kidole changu kina sugu, kilikwaruza. Niliuma meno. Nikakanda tena. Nilikanda vibaya, upande mmoja sikuufikia hata.

Kesho, mapumziko ya mchana, nitapiga simu Maplewood. Sindano kwanza. Kisu kingoje. Likikataa kulainika, nitarudi tuzungumze.

Au najidanganya ili nisilale tena kitanda cha hospitali bila mtu wa kunisubiri nje?

Sijui. Viatu vya kazi vimekauka. Kesho narudi kazini.