Mashine ya Moyo Isifungiwe Sandukuni

Umoja, Nairobi
Jumapili mchana

Kaka Mutiso,

Habari ya huko nyumbani? Miguu ya Mama imepoa, ama bado anaenda kanisani akijikokota? Mvua imewafikia? Mimi ni mzima ila nimechoka, kaka, nimechoka mpaka mifupa. Siku nzima ni kutengeneza redio za watu kule Shauri Moyo, halafu nikirudi nyumbani, barua.

Hiyo yako nimeisoma mara tatu. Niliifungua nikiruka, nikidhani mashine iko uwanjani. Kumbe iko kwa sanduku la chuma la Mwenyekiti wa timu, chini ya kitanda chake, na kitambaa cha kufuma juu! Na kufuli! Na betri ameitoa akaianika kwa mabati "isiishe," vile tunaanikanga za redio. Kaka, nilikaa chini.

Tangu Kyalo aanguke pale katikati ya uwanja, sisi tukimmwagia maji na kumpepea na jezi mpaka akakata roho, sijalala vizuri. Ndio nikasoma kwa gazeti kuukuu kwamba kuna mashine ndogo ya kushtua moyo, hata asiye daktari anaitumia. Nikaandikia vilabu vya mpira vya ng'ambo mpaka karani wa posta akanizoea. Kimoja kikatuma mashine yao ya zamani. Kule ofisi ya mizigo nako nikazungushwa wiki nzima.

"Kijana, wewe ni daktari?"

"Hapana."

"Sasa hii ni ya nini?"

"Ya timu ya mpira, kijijini."

Karani wa pale alicheka akaita wenzake. Na Otieno, huyu ninakaa naye, kila jioni: "Niaje daktari wa redio, leo umefufua wangapi?"

Sasa sikia. Betri itoe juani leo, si kesho. Hiyo haichajiwi na jua, inaharibika. Irudishe ndani ya mashine uangalie taa ya kijani. Isipowaka niandikie haraka, nitatafuta ingine. Ikiwashwa itaongea Kizungu, lakini maneno yote niliyaandika kwa Kiswahili kwa ile kadibodi niliyotuma nayo. Wachezaji wote wayasome.

Halafu Mwenyekiti, muongeleshe kwa heshima. Anasema kitu ya maana haiwekwi nje kama karai, itaibiwa. Lakini Jumamosi ya mechi yeye yuko sokoni na ufunguo mfukoni. Mtu akianguka, mtamtafuta katikati ya mbuzi? Moyo ukisimama ni dakika chache tu, kaka. Ikiibiwa, nitaanza kuandika barua upya.

Pahali pazuri ni kioski cha Mama Kyalo. Kinapakana na uwanja, na hafungi mpaka jioni. Itundikwe kwa msumari, bila kufuli. Shida ni kumwomba. Kila asubuhi akifungua ataiona, na ataniuliza mbona haikuja wakati wa mtoto wake. Nimejaribu kumwandikia mwenyewe, nimerarua karatasi mbili.

Msalimie Mama, na shangazi anayemfulia, na kocha wetu. Wewe mwenyewe usicheze ukiwa na homa.

Kwa Mama Kyalo nenda kama amepumzika. Kunywa chai yake kwanza. Akikataa, usimsukume, itundike kwa ukuta wa shule. Ila mwambie ni mimi nimeomba, si wewe, ndio akikasirika anikasirikie mimi niliye mbali.

Ni mimi mdogo wako,
Nzioka