Shafti ya Milimita Ishirini na Tano

Jumatatu, 3 Machi
Nimerudi chuoni. Wameniita "mlezi kutoka kwa wahitimu" — cheo kirefu, kiti hakuna. Nimepewa wanafunzi wanne wa mwaka wa mwisho. Watengeneze pampu ya maji, wageni waje kuiona Ijumaa ya wiki ijayo. Nimeingia karakana: mashine ya kukereza vyuma iko palepale, chini ya turubai lilelile! Miaka yote niliyosoma hapa niliichora tu, sikuigusa. Ufundi wangu nimeuokota nje, nikifagia vyuma vya watu. Na sasa Mkuu wa idara, tuliyekaa naye dawati moja, anasema shafti ya pampu, ule mhimili unaoizungusha, inunuliwe dukani. "Mashine ikiharibika nitajibu nini, dada?" Mbona mmeniita basi? Nije kutazama turubai?

Alhamisi, 6 Machi
Tumebishana na Mkuu, tumeelewana. Kundi langu likereze shafti lenyewe. Pampu ikisukuma maji siku ya wageni, mashine inafunguliwa kwa wanafunzi wote. Isiposukuma, turubai linarudi nami nafunga mdomo. Nimekubali kabla hajamaliza.
Tumelivua turubai. Vumbi! Wote wanne chafya. "Mama Pampu" — jina nimeshapewa — "hii kitu inawashwa wapi?" Mwaka wa mwisho hao.

Jumanne, 11 Machi
Mwenye mkono wa ufundi ni binti mmoja mkimya, wenzake humwita Miwani. Leo amekereza shafti: milimita 25, ibane ndani ya beringi. Ila kaharakisha, bila maji ya kupoozea, chuma kinafuka moshi. Akapima hapohapo. 25 kamili! Wakakumbatiana.
Nimenyamaza. Chuma cha moto kimevimba, kikipoa kinarudi. Nyuzi mia juu ya joto la chumba, kwa kipenyo hicho — milimita 0.03 zimekwenda. Hesabu hiyo wameifanyia mtihani, wakafaulu wote. Nataka iwaume mkononi, ndipo itakaa.

Jumatano, 12 Machi
Imepwaya. Beringi inacheza.
Miwani amepima tena na tena, kisha akanigeukia. "Ulijua, Mama Pampu?"
Ndiyo.
Wenzake wakaanza kulaumiana. Yeye akavuta karatasi, akapiga hesabu ya joto, akaweka kalamu chini. "Ungetuambia." Nikasema mlishaambiwa, darasani. Hakucheka.
Chuma kimebaki kipande kimoja. Nimecheza kamari na mashine ya watu wote, na sikuwauliza. Bado naona nilifanya sawa. Usingizi ndio hauoni hivyo.

Ijumaa, 14 Machi
Naandika karakana, kwenye stuli, goti ndiyo meza. Jana umeme ulikatika kutwa, kwa hiyo wanakereza sasa hivi, wageni wakiwa getini.
Mkobani nina shafti niliyokereza mwenyewe kwangu. 25, tena imepimwa ikiwa baridi. Mkuu ameiona — kumbe naye sasa anataka pampu isukume — akanivuta pembeni. "Itie hiyo, dada, nani atajua? Unataka mashine ifunguliwe, au unataka ushinde?" Limenichoma, maana ni swali la haki. Nikaona si langu kulijibu. Nikampa Miwani ile shafti: amua wewe. Ameishika, akaipima kwanza — adabu hiyo! — akanirudishia. "Nzuri. Ikalie, Mama Pampu, isipotee." Wenzake wakaangua kicheko, cha kwanza tangu juzi.
Maji ya kupoozea yamemwagika hadi kwenye viatu vyangu. Sawa tu.
Sasa mashine imezimwa. Shafti inang'aa. Hatua za wageni ziko ngazini. Mkuu anaongea kwa sauti kubwa, anawasimamisha kila ngazi awaeleze historia ya jengo — jengo lenyewe halina historia! Mjanja yule, anatuongezea dakika, Mungu amweke.
Mmoja wa kundi amenyakua mikromita apime. Miwani kamzuia mkono.
"Acha ipoe."
"Wameshafika!"
"Waache wafike."
Mlango umefunguliwa. Wanne wamesimama mbele ya mashine, mikono nyuma. Hakuna anayepima.